Kujitolea Sawa, Lakini Nauli Anatoa Nani?

Najua nimepotea, lakini test tatu ndani ya wiki moja si mchezo, na umeme wa hosteli yetu nao una mambo yake. Leo nimerudi na hoja. Ni ndefu, kwa hiyo kama una kipindi saa nane nenda kwanza darasani, utaikuta hapahapa.

Hoja yenyewe ni hii. Vijana kujitolea kwenye uhifadhi ni jambo zuri, tena zuri sana, na nitalitetea hapa chini. Ila jinsi tunavyojitolea hapa kwetu kunachuja watu kwa mfuko wa mzazi. Bidii haihesabiwi, akili haihesabiwi, hata mapenzi ya mtu kwa porini hayahesabiwi. Mwenye mshua wa kumtumia hela anakwenda, asiye naye anabaki. Halafu miaka mitano baadaye tunakaa kwenye warsha hotelini tunaulizana kwa nini vijana wa vijijini hawaonekani kwenye sekta ya uhifadhi. Jamani, si mliwaacha stendi?

Msimu wa fildi umefika, kila mtu hapa SUA anajua. Magrupu ya darasa yamejaa matangazo, ubao wa matangazo umebandikwa karatasi juu ya karatasi. Wahi nafasi, jitolee, jenga uzoefu, okoa tembo, okoa kasa, okoa misitu ya asili. Ukisoma vizuri utaona mstari mmoja mdogo chini kabisa, unafanana kila mahali kama vile wote wamenakili kwa mtu mmoja: mwombaji atajigharamia usafiri, malazi na chakula. Mstari huo ndio mtihani wenyewe wa kuingia. Ukiufaulu huo, barua ya maombi wala haina haja ya kuwa nzuri.

Kuna dada mmoja tuko naye darasani, jina simtaji kwa sababu hajaniruhusu. Huyo dada ukimpa jani limekauka, limetobolewa na wadudu, anakuambia ni mti gani na unaota upande gani wa mlima. Walimu wenyewe wanamtania kwamba bibi yake alikuwa mganga. Mwaka jana alikubaliwa sehemu moja ya pwani, kazi ya viumbe wa baharini, kitu alichokuwa anakiota tangu mwaka wa kwanza. Akakaa kwenye kimbweta na kalamu akapiga hesabu. Basi kwenda na kurudi, chumba wiki nane, kula mara mbili kwa siku (si mara tatu, mara mbili), vocha, na akiba ya dawa ya malaria. Alipomaliza kuhesabu alikunja ile karatasi akaitia mfukoni, akaenda kufanya fildi kwenye ofisi moja mjini karibu na kwao. Wiki nane alipanga mafaili. Nafasi yake ya pwani alichukua mtu mwingine ambaye ana mjomba kule. Simlaumu huyo mwingine hata kidogo, ni mshikaji wangu na alifanya kazi vizuri. Ila tukubaliane kwamba si yeye aliyekuwa wa kwanza kwa uwezo, alikuwa wa kwanza kwa mjomba.

Mama yangu naye ana falsafa yake. Anauza mchele Ifakara, na kwake kila gharama inapimwa kwa debe. Nilipompigia kumwambia nataka kujitolea likizo, alinyamaza, akauliza, "Mwanangu, kujitolea ndiyo kufanyaje?" Nikamweleza. Akasema, "Yaani ufanye kazi ya watu, halafu nauli nitume mimi?" Nikamwambia mama, ni uzoefu, wa baadaye. Akajibu kwamba hata yeye anapoajiri kijana wa kubeba magunia hamwambii atalipwa uzoefu. Sikuwa na jibu, nikasingizia salio linakwisha.

Sasa kabla hamjanielewa vibaya, mimi si wa kundi la wale wanaosema kujitolea ni utumwa. Hapana. Wapo washikaji hapa kampasi wanasema usifanye chochote bila mkataba, usiguse hata koleo. Hao nawapinga. Kuna vitu kwenye fani yetu huwezi kuvipata kwenye noti za mwalimu hata ukizikariri kurasa zote.

Mimi mwenyewe niliwahi kujitolea wiki sita mahali fulani, na mahali penyewe napaacha bila jina. Wiki mbili za kwanza kazi yangu kubwa ilikuwa kuosha vyombo vya wageni na kupanga fomu. Hakuna aliyeniambia fomu zile zinajazwaje. Wiki ya tatu ndipo mzee mmoja mlinzi wa msitu, amebakiza muda mfupi astaafu, aliponiona nimekaa bure akasema, "Binti, njoo nikuoneshe miti." Nikamfuata. Siku nne tu na yule mzee zilinifundisha kuliko muhula mzima.

Chukua kitu kidogo kama kupima kipenyo cha mti. Wote tumesoma kwamba kinapimwa usawa wa kifua, yaani mita 1.3 kutoka ardhini. Rahisi, si ndiyo? Haya, mti uko kwenye mteremko mkali, unapima kutoka upande gani? Unasimama upande wa juu. Mti una mbavu za mizizi zimepanda kuliko kimo chako, unafanyaje? Unapima juu ya mbavu, na unaandika kwamba umepima juu ya mbavu. Mti umegawanyika chini ya ile mita 1.3? Unahesabu mashina kila moja peke yake. Kijana asiyefundishwa atapima kila mti kwenye kifua chake mwenyewe, na kifua changu mimi na kifua cha yule kaka mrefu wa timu ya kikapu haviko usawa mmoja. Mwaka unaofuata anakuja mwingine anapima miti ileile na tarakimu zinaonesha msitu umekonda. Msitu haujakonda, wamebadilika vifua.

Na ndege ni balaa zaidi. Hapa juu yetu kwenye milima ya Uluguru kuna ndege wa kijani na manjano, kichwa cheusi, hapatikani popote pengine duniani. Anakaa juu kwenye vilele vya miti, kwenye ukungu. Usitegemee kumwona. Wanaomhesabu wanamtambua kwa sauti, na sauti hujifunzi kwenye kitabu, unajifunza kwa kusimama na mtu anayeijua alfajiri, umelowa, siafu wanapanda kwenye soksi, anakushika bega anakuambia, "Huyo." Hiyo ndiyo elimu ninayoitetea. Na milima hiyohiyo ndiko inakotoka mito inayoingia Ruvu, na Ruvu ndiyo inayonywesha Dar es Salaam, kwa hiyo ndugu zangu wa mjini msijifanye hii habari haiwahusu.

Kwa hiyo kujitolea ndiyo. Swali ni nani anabeba gharama ya kukufundisha, na mwisho wa siku umefundishwa au umetumika tu.

Twende kwenye historia kidogo, maana watu wanapenda kusema "wenzenu walianza bure". Nani huyo alianza bure? Mfano unaotajwa sana ni Jane Goodall, yule mama wa sokwemtu wa Gombe aliyefariki 1 Oktoba 2025 akiwa na miaka 91. Kweli, alipofika Gombe Julai 1960 alikuwa na miaka 26 na hakuwa na digrii yoyote. Alikuwa ametoka kuwa katibu wa Louis Leakey kule Nairobi. Lakini watu wanaposimulia wanaruka kipande kimoja: Leakey alizunguka kumtafutia fedha za miezi sita ya mwanzo. Hema, mtumbwi, chakula, vyote vilikuwa na mtu wa kuvilipia. Kipaji kilikuwa cha kwake, mshiko ulitafutwa na mtu mwingine. Hakuambiwa ajigharamie malazi.

Na kipande cha pili cha Gombe ndicho ninachokipenda zaidi, nacho hakisimuliwi kabisa kwenye semina. Mei 1975 waasi walivuka ziwa kutoka Zaire wakateka wanafunzi 4 wa kigeni waliokuwa wanafanya utafiti pale. Baadaye waliachiwa wote, lakini baada ya tukio lile wanafunzi wa nje wakaondoka. Kwa akili ya kawaida utafiti ungekufa pale pale. Haukufa. Watanzania wa vijiji vya jirani, wengi hawakuwa wamesoma sana, waliendelea kuamka alfajiri kuwafuata sokwe, kuandika nani kala nini, nani kapigana na nani, nani kazaa. Wale hawakuwa wanajitolea. Ilikuwa ni ajira yao, wanalipwa, wanasomesha watoto. Ule utafiti unaosifiwa duniani kwamba umevuka miaka 60 umebebwa kwenye migongo ya watu wa Kigoma wenye mshahara. Nadhani hapo kuna kitu cha kujifunza kwa wanaoamini data nzuri inaletwa na moyo peke yake.

Ukivuka mpaka, Kenya, hayati Wangari Maathai alianzisha Green Belt Movement mwaka 1977. Akinamama wa vijijini wakawa wanaotesha miche na kuipanda, na harakati ile imepanda miti mamilioni kwa mamilioni, mpaka yeye akapata Nobeli ya Amani mwaka 2004. Je, aliwaambia akinamama jitoleeni kwa ajili ya sayari? Aliwalipa kiasi kidogo kwa kila mche ulioshika. Kidogo kweli, lakini kililipwa, na kililipwa kwa mche ulio hai. Mche uliokufa hauna hela. Oneni akili iliyomo mle: mama masikini hakuambiwa achague kati ya mti na unga wa jioni, na wakati huohuo mti ulipata mtu wa kuumwagilia.

Linganisha na sisi wenye fulana. Kila tarehe 5 Juni, Siku ya Mazingira Duniani, utatuona tumepanga mstari na majembe mapya yenye stika bado. Mgeni rasmi anapanda wa kwanza, anapigwa picha, anapewa maji ya kunawa. Wadau, mimi nasoma mambo haya kwa hiyo niseme tu: Morogoro mwanzoni mwa Juni masika yameshakwisha. Unapanda mche kiangazi kinapoingia, mvua ni za kusubiri miezi. Nani atarudi kumwagilia? Wengine hata ile karatasi ya nailoni kwenye mizizi hawaitoi. Ukipita Septemba unakuta vijiti. Hiyo nayo tunaiita kujitolea, inaingia kwenye CV, na wakati mwingine inapata bajeti ya fulana na soda kubwa kuliko nauli ya yule dada wa majani makavu ya kwenda pwani na kurudi. Kama kungekuwa na mtu mmoja mwenye posho ndogo na ndoo mbili mpaka mvua za vuli, miche mingi ingepona. Sisi mia mbili tulikwenda kupiga picha.

Maana kazi ya uhifadhi ukiitazama kwa karibu ni kazi ya kila siku, ya kuchosha, haina picha. Wote mnawajua vyura wa Kihansi, tulishawataniwa sana. Vyura wadogo, waligunduliwa mwaka 1996 kwenye maporomoko ya mto Kihansi, wanaishi kwenye manyunyu ya maji. Bwawa la umeme lilipopunguza yale maji, makazi yao yakakauka. Baadhi walikuwa wamepelekwa Marekani mwaka 2000 kutunzwa, na mwaka 2009 ikatangazwa rasmi kwamba porini wametoweka. Mwaka 2010 wakarudishwa nyumbani, wakatunzwa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kisha wakaanza kurejeshwa bondeni kwao. Ni habari kubwa, lakini jiulize ndani yake kulikuwa na nini. Kuzalisha vidudu vya kulisha vyura. Kusafisha vizimba. Kupima maji. Kesho tena. Sikukuu ya Idi tena, Krismasi tena. Chura hajui kama leo mtunzaji hana nauli. Kazi ya namna hiyo huwezi kuijenga juu ya mtu anayekuja akiwa na hela na asipokuwa nayo haji.

Haya, kuna la wageni. Hili nitalisema taratibu maana najua lina moto. Kuna kampuni za Ulaya na Marekani zinazowauzia vijana wao safari za kuja kujitolea huku kwetu, wanalipa pesa ndefu kwa wiki kadhaa za kuhesabu wanyama au kulinda viota vya kasa. Mimi sina chuki nao. Nimekutana nao wawili watatu, watu poa, wanafanya kazi, wanaumwa tumbo, wanaendelea. Tatizo liko kwenye hesabu ya kambi. Kambi ina vitanda kumi. Mgeni analeta hela, mwanafunzi wa hapa analeta barua ya chuo na njaa. Ungekuwa wewe meneja ungempa nani kitanda? Tusidanganyane. Matokeo yake kijana wa Bristol anarudi kwao anajua kusoma nyayo za mnyama wa Iringa, na kijana wa Iringa anaota kwenda kusoma Bristol ili aje ajifunze nyayo za nyumbani kwao. Ombi langu kwa wenye kambi ni dogo: kwenye kila wageni watano wanaolipa, bei yao ibebe kitanda kimoja cha mtoto wa hapa. Mgeni hataona tofauti, na nina uhakika wengi wangefurahi wakijua, maana wanapata mtu wa kuwafundisha Kiswahili zaidi ya "hakuna matata".

Na tukizungumzia wanaojitolea, tuwe wakweli, sisi wa chuo ni wachache na wa juzi tu. Wanaojitolea hasa nchi hii ni wanakijiji walio kwenye kamati za maliasili. Sheria ya Misitu ya mwaka 2002 iliweka njia ya vijiji kuwa na misitu yao na kuisimamia, na usimamizi maana yake doria. Doria maana yake mtu anaacha shamba lake siku ya palizi, anaingia msituni na panga, anakutana na wachoma mkaa ambao pengine ni mashemeji zake. Anarudi jioni, sehemu nyingi hajapata kitu au kapata posho ya kununua sukari. Hana fulana. Hapati cheti. Hakuna anayemwandikia barua ya kumtambulisha kwa mwajiri. Tunapokwenda fildi tunamkuta huyo, anatuonesha njia, tunaandika kwenye ripoti "kwa msaada wa wenyeji". Wenyeji! Hata jina hatuandiki.

Wapo waliofanya tofauti. Kisiwa cha Chumbe pale Zanzibar, hifadhi ya matumbawe iliyoanza miaka ya 1990, walinzi wake walichukuliwa kwa wavuvi. Mtu ambaye jana alikuwa anavua palepale leo ndiye anawaeleza wavuvi wenzake kwa nini wasivue, tena anaijua bahari kuliko mwenye digrii, na ana mshahara. Watoto wa shule wa Zanzibar wanapelekwa kule kujifunza bila kulipa, gharama zinabebwa na watalii wanaolala kisiwani. Kwa hiyo ile hesabu yangu ya kitanda siyo ndoto ya kwenye kimbweta.

Hata Mwalimu alijua hili mapema. Septemba 1961, kabla hata bendera haijapanda, kwenye lile tamko lake la Arusha kuhusu wanyamapori (siyo Azimio la 1967, msichanganye kwenye mtihani) alisema wazi kwamba uhifadhi unadai utaalamu, watu waliofunzwa na fedha, na akaomba mataifa mengine yasaidie. Mwaka 1963 chuo cha Mweka kikafunguliwa kwenye miteremko ya Kilimanjaro kuwafunza Waafrika kazi hiyo. Kumbe mwanzo kabisa kumfundisha kijana kulionekana kuwa ni sehemu ya gharama ya kulinda tembo, sawa na bunduki na gari. Sijui ni lini tulianza kuona gari ni lazima na kijana ni hiari.

Nimesikia utetezi wa mashirika madogo: hatuna fedha, tukisema tulipe hatutachukua mtu hata mmoja. Naelewa, na baadhi ni kweli kabisa, unakuta shirika zima lina laptop moja. Ila bwana, kuna tofauti kati ya kukosa mshahara na kukosa ugali. Sidai mshahara. Nadai nauli ya kwenda na kurudi, mahali pa kulala panapofungika mlango (dada zangu mnanielewa), chakula kilekile wanachokula wenyewe, na mtu mmoja mwenye jina ambaye kazi yake ni kunifundisha. Kama uwezo wenu ni watu wawili, chukueni wawili msichukue kumi. Mashirika yanayochukua kumi na kuwaacha wapange mafaili yanapenda kuandika kwenye ripoti ya mfadhili kwamba yamejengea uwezo vijana kumi. Uwezo gani, wa kutoboa karatasi?

Kuna kipimo kingine nilikipata kwa yule mzee wa miti, yeye hakukiita kipimo, alikuwa analalamika tu. Alisema zamani kituo chao kilikuwa na walinzi zaidi, wakastaafu mmojammoja, na kila aliyestaafu nafasi yake ikawa inakaliwa na wanafunzi wa kujitolea, miezi miwili huyu, miezi miwili yule. Ndipo nikaanza kuona kitu ambacho sikukiwaza kabla. Nikijitolea pale kujifunza, nimesaidia. Nikijitolea pale kujaza kiti ambacho kilipaswa kuwa na mwajiriwa, ninamnyima kazi kaka yangu aliyemaliza mwaka juzi na sasa anaendesha bodaboda Msamvu akiwa na digrii ya misitu kwenye boksi chini ya kitanda. Na mwakani huyo kaka nitakuwa mimi. Hili si la uhifadhi peke yake, waulizeni walimu na manesi waliojitolea miaka wakisubiri ajira. Lakini kwetu lina ubaya wa ziada, kwamba msitu unahitaji mtu anayeukumbuka. Mtu wa miezi miwili hajui mti ulioanguka mwaka jana ulikuwa wapi.

Wengine mtasema niende TaESA, niombe nafasi za uzoefu wa kazi za wahitimu. Nitaomba nikihitimu. Ila fildi iko sasa hivi, na mwanafunzi wa mwaka wa pili si mhitimu.

Basi na mimi sasa nina barua mbili mezani, na Ijumaa ni mwisho wa kujibu. Ya kwanza ni shirika lenye jina, la kaskazini, wana magari meupe na nembo mlangoni, ukiweka kwenye CV hata asiyejua mambo ya wanyama anashtuka. Kila kitu juu yangu. Ya pili ni msitu wa kijiji huku kwetu bondeni Kilombero, ofisi ina pikipiki moja na kabati, wamesema watanirudishia nauli, nitalala nyumba ya mwalimu, nitakula kwa mwenyekiti wa kijiji, na bwana misitu atanichukua doria na kamati siku tatu kwa wiki. Washikaji wote wananiambia kaskazini, kopa, jina ni jina. Huenda wana haki. Mwajiri akishika CV mbili hataona ugali, ataona nembo.

Nimeamua kwenda kijijini. Barua nimeshaandika, naipeleka ofisi ya fildi kesho asubuhi kabla ya foleni. Nimewaomba kitu kimoja cha nyongeza, kwamba majina ya wanakamati watakaonipeleka msituni yaingie kwenye ukurasa wa kwanza wa ripoti yangu, na msimamizi wangu amekubali baada ya kuniuliza mara mbili kama niko serious. Yule dada wa majani nimempa namba ya bwana misitu, anasema huenda wana nafasi ya pili kama atakubali kulala chumba kimoja na mimi. Nimemwambia dada mwenyewe kwamba nakoroma.

Mama nimempigia. Aliposikia nauli inarudi, swali lake lilikuwa moja tu, kama kule kijijini mchele wanauzaje kwa debe.

Halafu, kuna mtu yeyote wa mwaka wa tatu anamaliza na ana buti za msituni namba 38 hazihitaji tena? Hata kama zimetoboka kidogo. Nipo hosteli ileile, chumba kilekile, baada ya saa kumi na mbili jioni nipo.